Kikombe Kwenye Gunia la Choroko

Wazo la kuandika haya si langu, ni la Maduhu dereva. Siku mliyoniaga pale kijiweni mkanipa kanga na kiti cha plastiki (kiti kizuri, ingawa mguu mmoja mliupasua wakati wa kunifikishia nyumbani, watu wa kufunga mizigo nyie), Maduhu alisimama akasema Mama Minza asiondoke na maarifa yote kichwani. Nikamwambia mimi si mwalimu. Akasema, "Andika tu kama unavyotugombeza." Basi haya, leo nawagombeza kwa maandishi. Mkichoka katikati, mlaumuni Maduhu.

Kazi nilianzia Malampaka, stesheni. Sikwenda pale kutafuta kazi ya kufunga vyombo vya watu, nilikwenda kuuza chai na maandazi. Siku hizo mtumishi akihamishwa, vitu vyake vilipanda behewa, na aliyekuwa akivifunga ni mzee mmoja anaitwa Luhende. Alikuwa mwembamba, hana maneno mengi, na shazia yake, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, aliichomeka kwenye kofia saa zote. Jioni moja alinikuta nakusanya vikombe vyangu. Kila kikombe nilikitia kitambaa ndani, nikavipanga kwenye ndoo, nikavibana na kanga juu. Luhende akaja, akaikamata ndoo, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Nilitaka kumrukia! Yeye ametega sikio tu. Hakikulia hata kimoja.

"Binti, nani kakufundisha?"

"Umaskini," nikamwambia. "Ninavyo sita tu."

Wiki iliyofuata niliacha chai, nikawa msaidizi wake.

Siku ya kwanza alinipa sahani, akaniambia zifunge. Nikazilaza moja juu ya moja, katikati nimeweka magazeti, nikafunga boksi vizuri kabisa, najiona fundi. Luhende akaliinua boksi mpaka usawa wa goti, akaliachia. Tulipofungua, tatu zilikuwa zimepasuka. "Sahani hazilali," akasema. "Zinasimama, zimeegemeana kama watu kwenye foleni." Nikauliza zile ni za nani. Kumbe alikuwa amezitoa nyumbani kwake. Na aliyetumwa kwenda kumweleza mke wake ni mimi. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaguna, akanipa viazi nikale. Nadhani haikuwa mara ya kwanza. Tangu siku ile sijalaza sahani ya mtu. Nyie bado mnazilaza, nawaona, msijifanye hamjui ninamsema nani.

Mzee Luhende alikuwa na mambo matatu ambayo hakuyaacha. La kwanza, kabla hujagusa kitu chochote, muulize mwenye nyumba: kitu gani kikivunjika utalia? Usimuulize kipi cha thamani, maana atakuonyesha friji. Niliwahi kumuuliza bwana mmoja wa mifugo, akajibu haraka haraka, "Mke wangu." Mkewe, aliyekuwa anakunja mashuka nyuma yake, akasema, "Muongo huyo, ni redio." Tukaifunga redio.

La pili, kitu hicho unakifunga wewe mwenyewe kwa mikono yako, na mwenye mali humwambii umekiweka wapi mpaka mfike. Luhende alikuwa na sababu. Mwenye mali akijua kilipo, atakifungua njiani kukikagua, atakifunga vibaya, atakifungua tena. Kulikuwa na nesi aliyefungua boksi lake mara tatu kabla behewa halijaondoka, na mara ya tatu aliiangusha taa yake mwenyewe pale pale kwenye reli. Kwa hiyo tulikuwa hatusemi. Hilo la pili likumbukeni, ndilo lililonipeleka pabaya.

La tatu lilikuwa fundo. Fundo la Luhende lina vitanzi viwili, na ncha zote mbili za kamba zinatazama chini. Ukivuta moja, gunia linafunguka lote bila kisu. Nilijifunza kulifunga kwa mwezi mzima, na nikilikuta popote nalijua kama ninavyoujua mwandiko wangu.

Baadaye mizigo ya watu ikahamia kwenye malori, nami nikahamia Bariadi. Luhende alibaki Malampaka na huko ndiko alikozikwa. Shazia yake alinipa mimi. Mkoa ulipoanzishwa na Bariadi ikawa makao makuu, ndiyo tukapata kazi mpaka basi! Watumishi walishuka kutoka kila pembe ya nchi na masofa makubwa kuliko milango ya nyumba walizopangishiwa. Tumeng'oa mageti. Tumeng'oa fremu za madirisha. Mara moja tulilipitisha kabati juu ya ukuta wa choo cha jirani, na jirani yumo ndani, akatuomba tu tusichungulie. Maduhu ndipo alipojiunga nasi na kenta yake, lori dogo, na siku hizo alikuwa anapiga honi hata akipita ng'ombe waliolala.

Mkaniuliza juzi mambo ya kujazia nafasi kwenye maboksi, kabla ya hizi nailoni za mapovu ambazo kazi yake kubwa naona ni nyie kukaa mkizipasua kwa vidole. Tulitumia kilichopo. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilifunga glasi za mhasibu mmoja kwa pamba mbichi kutoka shambani, nikaona nimepata akili sana. Ulikuwa msimu wa pamba, tukafika kwenye kizuizi cha barabarani. Askari akafungua boksi moja, akaona pamba. Akafungua la pili, pamba. Akataka kujua tunaihamishia wapi pamba ya wakulima. Nikamwambia ni ya kulinda glasi. Akasema, "Glasi ngapi hizo zinalindwa na maboksi saba?" Tulitoa glasi zote, moja moja, tukazipanga pembeni mwa barabara mpaka akaridhika, huku mhasibu amejifunika uso kwa gazeti. Na pamba yenyewe, kwa kuwa ina mbegu, ilikuwa imeacha madoa ya mafuta kwenye mashuka ya mkewe. Pamba mbichi, achaneni nayo.

Baada ya hapo ndipo nikagundua choroko. Choroko inatiririka, inajaza kila upenyo, inakishika kitu pande zote. Na familia ya huku ikihama, gunia la choroko lazima lihame nayo, kwa hiyo huongezi mzigo. Kitu kidogo cha kuvunjika ukikizamisha katikati ya gunia la choroko, hata Maduhu apite kwenye makorongo na mwendo wake ule, kitafika salama. Nilijivunia sana ugunduzi huu. Mpaka nilipokutana na Mwalimu Kabula.

Mwalimu Kabula alikuwa amefundisha Nkololo miaka mingi, na sasa alikuwa amemaliza nyumba yake Bariadi mjini. Kulwa, mwanawe, fundi umeme huko Mwanza, ndiye aliyetuita. Mwalimu alitupokea na fagio mkononi, akatuambia tufute miguu kabla ya kuingia kwenye nyumba tuliyokuja kuibomoa. Maduhu, mtu mzima na watoto wanne, akafuta miguu mara mbili.

Nikamuuliza swali la Luhende. "Mwalimu, kitu gani kikivunjika utalia?"

"Mimi silii," akasema.

Nikasubiri. Akalitazama friji, akalitazama kabati, akaenda chumbani. Akarudi na kitu amekifunga kwenye leso. Kilikuwa kikombe kidogo cha kauri, cha mtoto, kina mstari wa buluu mdomoni. Alijifungua mapacha, akanieleza, Kulwa na Doto, na baba yao akawanunulia vikombe viwili vya kufanana. Cha Kulwa alikivunja Kulwa mwenyewe siku ya pili. Doto alifariki ana miaka minne, homa ya siku tatu, na kikombe chake kikabaki.

"Hiki," akasema. "Lakini silii."

Nikakijaza kitambaa ndani, nikakivika soksi ya sufu, juu yake soksi nyingine. Alikuwa na magunia manne: mawili ya mahindi, moja la mpunga, moja la choroko. Alipokwenda kuwaaga majirani, nikafungua la choroko, nikazamisha mkono mpaka kiwiko, nikakiacha kikombe huko chini, nikalifunga kwa fundo la Luhende. Aliporudi akauliza kimewekwa wapi.

"Utakiona ukifika kwako."

"Mama Minza, nimekuuliza."

"Na mimi nimekujibu, mwalimu."

Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyesahau daftari nyumbani. Nilifurahi, niseme ukweli. Si kila siku mtu kama mimi anamnyima mwalimu jibu.

Mzigo ulikuwa wa safari mbili. Safari ya kwanza alikwenda Mwalimu mwenyewe, mbele na Maduhu, wamechukua magunia na vyombo vya jikoni. Mimi nikabaki kufungua vitanda na kabati. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni langu peke yangu. Nilikuwa nimezoea kusafiri na kitu nilichokificha. Siku ile kikatangulia, na aliyefuatana nacho hajui kwamba anacho.

Tulifika na safari ya pili saa tisa imepita. Mwalimu alikuwa amejifunga kanga kiunoni, uso umechangamka. "Wabeja, asante sana Mama Minza, hakuna hata sahani moja iliyopasuka!" Nikaingia stoo, nikahesabu magunia. Matatu. Nikahesabu tena nikianzia upande wa pili, kana kwamba yataongezeka.

"Mwalimu, gunia la choroko liko wapi?"

"Nimelitoa."

"Umelitoa kwa nani?"

"Hapo jirani wana msiba. Nimefika nikakuta watu wamejaa, wanawake wako jikoni. Mgeni unahamiaje mahali unanyamaza? Mahindi nimeona wanayo, nikatoa choroko. Wanaume walikuja kulibeba, wakashukuru kweli."

Mnajua wenyewe mambo ya huku. Kitu ukishakipeleka msibani, kimekwenda. Mtu akirudi kudai gunia la msiba, jina hilo litamfuata mpaka kwa wajukuu wake. Na huyu alikuwa na saa chache tu tangu ahamie. Sasa nitamwambiaje kwamba kitu pekee alichonacho cha mwanawe aliyefariki nimekifungia ndani ya mchango wa msiba wa watu asiowajua, tena kinaweza kuwa kimeshamwagwa kwenye sufuria la moto?

Sikumwambia. Niliogopa. Nilisema naenda kutoa pole.

"Subiri ninawe, twende wote," akasema.

"Natangulia."

Nje nilimweleza Maduhu. Akashika kichwa. "Mama Minza! Yaani kikombe cha marehemu umekipeleka msibani!" Nikamwambia asinisaidie kulia, anisaidie kutafuta. Akasema yeye atalinda gari. Gari lenyewe lilikuwa limebaki na ngazi na kuku wawili.

Nikaenda peke yangu. Nikatoa pole kwa wazee waliokaa nje, nikapitiliza uani kwa wanawake. "Mwadila, mayu," nikawasalimu kwa kilugha, kama mtu anavyomsalimia mama yake. Wakaitikia. Nikaona ungo, nikauokota, nikakaa nikaanza kupepeta. Mwanamke aliyeshika ungo msibani haulizwi katoka wapi. Kwa chini chini nikawa natazama magunia yaliyoegemezwa ukutani. Fundo la Luhende silioni. Kisha nikaiona kamba yangu, imetupwa chini, imekatwa kwa kisu. Hata katika ile hofu nilikasirika. Fundo lile linavutwa tu, nyie watu!

Gunia lilikuwa limefika nusu. Nikaliinamia, nikazamisha mkono mpaka begani, napapasa.

"Mayu, unatafuta nini?" mmoja akauliza.

"Naangalia kama zina wadudu."

"Wadudu wa chini kabisa huko?"

Mwingine akacheka. "Labda anatafuta sahani yake. Gunia hilo lina maajabu, limetutolea kikombe, kimevaa soksi." Wakacheka wote, mikono mdomoni, vile tunavyocheka msibani.

"Kiko wapi?" nikauliza.

Akanionyesha kwa midomo, ndani.

Nikasimama mlangoni. Kwenye mkeka alikaa binti anaitwa Mbuke, mfiwa mwenyewe. Mtoto wake wa kwanza, wa miaka mitatu, walikuwa wamemzika asubuhi ile. Tangu jana yake hakuwa ameweka kitu mdomoni, nilielezwa baadaye. Walimletea sahani akaisukuma, wakamletea bakuli, wakamletea kikombe kikubwa, vyote akavigeuzia uso. Shangazi yake alipoona kile kikombe kilichotoka kwenye choroko alikiosha, akakitia uji kidogo, akampa. Akakipokea. Na pale niliposimama alikuwa anakunywa, amekishika kwa mikono miwili.

Nyuma yangu nikasikia harufu ya sabuni. Mwalimu Kabula hakuwa amechelewa. Alichungulia juu ya bega langu, akakiona kikombe mikononi mwa Mbuke.

"Mwalimu, nisamehe," nikanong'ona. "Ni mimi. Nilikitia kwenye choroko, sikukwambia, mimi ndiye..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja. Akavua ndala, akaingia, akakaa mkekani karibu na Mbuke. Shangazi alikuja kuchukua kikombe aongeze uji jikoni, Mbuke akakivuta kifuani, hakikutoka. Mwalimu akasema taratibu, "Lete sufuria hapa. Mwongezee humo humo."

Baadaye kidogo akamwambia yule binti, "Kilikuwa cha mwanangu. Anaitwa Doto. Uji alikuwa hautaki, tulikuwa tunamdanganya kwa kikombe kidogo, aone ni kidogo."

Mbuke akamtazama, mara ya kwanza kumtazama mtu usoni siku ile. "Alikuwa?"

"Alikuwa."

Na Mwalimu Kabula asiyelia, akalia. Mbuke naye akalia kwa sauti, wameshikana, kikombe katikati yao. Mimi nililia pale mlangoni, kwa aibu yangu na kwa uchungu wao. Maduhu anasema yeye hakulia kwa sababu alikuwa analinda kuku.

Tulipoinuka kuondoka, Mbuke alinyoosha mkono amrudishie. Mwalimu akavikunja vidole vya yule binti, akavifunga tena juu ya kikombe. "Kaa nacho," akasema. Njiani nilijitayarisha kwa lolote atakalosema, na nilikuwa nastahili. Tulipofika getini kwake akageuka, sauti ya darasani imerudi.

"Mama Minza. Kabla hujaondoka utanionyesha kila kitu ulichoficha. Na kama pasi yangu umeizika kwenye mahindi, sema sasa hivi."

Ilikuwa kwenye mpunga. Nikasema.

Tangu siku ile jambo la pili la mzee Luhende nimelibadilisha, na huko aliko anisamehe. Mwenye mali mwambieni kilipo. Akikifungua njiani mara tatu, mkifunge mara tatu, ndiyo kazi mliyoichagua. Na kila mfuko, kila gunia, kila boksi liandikwe pande mbili, kwa wino mzito, kisha aliye kwenye usukani asomewe. Friji lisafiri limesimama, na likifika mliache litulie kabla ya kuchomeka umeme. Televisheni iwekeni kati ya magodoro mawili. Mtungi wa gesi usimame peke yake, mmeshafungua mpira wake. Kuku wapande mwisho washuke wa kwanza. Mengine mnayajua, ila mnajifanya mmesahau mkiona jua limekuwa kali.

Kazi yangu ya mwisho, ile ambayo magoti yaliniambia baada ya hapa basi, wengi wenu hamkuwepo. Nilikwenda na Maduhu tu. Ni mwanamke aliyekuwa anamfuata mumewe Maswa, ana watoto wawili wanaokimbizana katikati ya maboksi. Nilimjua kabla hajafungua mlango vizuri, naye alinijua. Hata hivyo nikamuuliza, maana hivyo ndivyo tunavyoanza.

"Mbuke, kitu gani kikivunjika utalia?"

Akaingia chumbani, akarudi na kitu kwenye leso.

"Mwalimu hajakidai?" nikauliza.

"Kila mwaka nampelekea mwenyewe," akasema. "Kila mwaka ananirudisha nacho, amekijaza choroko."

Nilikivika soksi mbili. Nikafungua gunia lake la choroko, nikazamisha mkono mpaka kiwiko, nikalifunga kwa fundo la Luhende. Kisha nikamwita Mbuke nikamwonyesha kilipo, nikamwita mumewe kwenye simu nikamweleza, nikamwita Maduhu nikamwambia arudie maneno yangu. Akarudia. Nikachukua kalamu ya wino, nikaandika pande zote mbili za gunia kwa herufi kubwa: HILI SI LA MSIBA.

Maduhu akasogea, akasoma, akakuna kidevu. "Na huko Maswa wakikuta jirani ana harusi?"

Nikamwambia anishikie gunia vizuri, nikaongeza chini yake: WALA LA HARUSI.